Bolti Iliyozikwa Zizini

Jirani yangu wa mtaa wa Kambarage, hapa Shinyanga, marehemu mzee Donatus, hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Ukimuuliza kama mvua imenyesha vya kutosha, alitoka kwanza uani akachomeka kidole ardhini, ndipo akujibu. Habari hii alinisimulia mara mbili, miaka saba katikati, na hakubadilisha hata neno. Ninyi mtaona wenyewe la kufanya nayo.

Mwaka wa 1951 alikuwa kijana wa miaka thelathini na moja, kibarua katika machimbo madogo ya dhahabu ya Mgiriki mmoja, Bwana Kosta, kaskazini ya Kahama kwenye njia ya Geita. Hakuwa mchimbaji. Vitani Burma alikuwa amewekwa karakana ya bunduki, na huko alijifunza kuzisoma. Bwana Kosta naye alikuwa na wazimu wake: alipenda bunduki kuukuu za jeshi, zile za bei ya kutupa ambazo askari wa Mjerumani waliziacha walipokimbia. Kibali cha serikali alikuwa nacho, lakini macho ya kuzitambua hakuwa nayo. Kwa hiyo Donatus ndiye aliyezunguka vijijini. Blanketi moja na mfuko wa chumvi, bunduki ikatolewa uvunguni.

Ijumaa moja asubuhi alikaa kivulini, anasugua moja kwa majivu na mafuta ya taa. Kutu ikatoka. Likaonekana taji, kisha mwaka, kisha namba: 4417. Katika kazi ile namba ndiyo kila kitu. Mjerumani aligonga namba kwenye kila kipande, hata kwenye skrubu aligonga tarakimu mbili za mwisho. Vipande vikifanana vyote, bunduki ni nzima na mtu atakupa mkono wa pongezi. Vikichanganyika, umebeba chuma chakavu. Hii ilifanana kila mahali. Kwenye kitako palikuwa na mikato saba iliyochongwa kwa kisu, imejipanga vizuri. Donatus aliihesabu, kama alivyohesabu kila kitu maishani mwake.

Kasoro ilikuwa moja. Haikuwa na bolti, kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma ili upakie risasi.

"Bila bolti hiyo ni fimbo," alisema Bwana Kosta. "Kesho rafiki yangu anapita Shinyanga na treni. Ikikamilika, leo saa nane naondoka kumwonyesha. Isipokamilika, sina safari."

"Bwana, mke wangu..."

"Nimeshakwambia, lori langu halibebi wagonjwa. Lete bolti, nitawabeba wote."

Sasa mjue shida ya Donatus. Mkewe, Paskalina, alikuwa amelala kwenye kibanda chao na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Hii ilikuwa imefika, tena kwa tumbo kubwa kupita miezi yake, lakini tangu juzi miguu ilikuwa imevimba, kichwa kinampasuka, na macho yanaona giza mchana. Mkunga alimpapasa, akamvuta Donatus nje. Alimwambia ampeleke hospitali ya misheni ya Kolandoto, na si kesho. Kolandoto iko jirani na Shinyanga. Basi lilikuwa limekwama huko mbele kwa matope, na katika eneo lote gari lilikuwa moja tu, lori la Bwana Kosta.

Donatus akapanda baiskeli akaenda kwa bibi aliyempa bunduki ile. Aliitwa Mageni, mjane wa askari wa Mjerumani aliyeitwa Machibya. Alimkuta barazani anamenya karanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane. Umefuata kile chuma." Donatus alikuwa hajasema lolote.

Mageni akatazama zizi la ng'ombe lililokuwa mbele ya nyumba. Machibya alizikwa humo, kama wanavyozikwa wenye kaya kwa mila ya Kisukuma. Akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu amelala.

"Nilimshikisha mwenyewe mkononi siku ya kumzika. Vitani aliamriwa kuwapiga risasi wapagazi wanane waliotoroka. Akapiga saba. Waingereza wakatokea, wa nane akaponea hapo. Aliporudi nyumbani alikataa kuoshwa kwa dawa, kama anavyooshwa mtu aliyeua. Alisema kazi haijaisha. Kila siku jua likiwa utosini alisimama mlangoni na bunduki tupu, anawaelekezea wanangu. 'Bado mmoja.' Neno lake lilikuwa hilo tu. Alipokufa nikavitenganisha. Chuma akae nacho yeye. Bunduki nilikupa wewe ili iende mbali."

"Mama, mke wangu anakufa."

Kikongwe yule alimtazama kwa huruma. Donatus alisema hakuna kitu kilichomuumiza kama huruma ile.

"Yaya, ng'wanawane," alisema. Hapana, mwanangu. Kisha akachukua ungo wake, akaenda shambani.

Donatus alikaa kwenye baiskeli yake, mguu mmoja chini. Ng'ombe walikuwa malishoni. Zizi lilikuwa wazi, na jembe limeegemea uzio. Angeweza kurudi kumwangalia Paskalina akizimika. Angeweza pia kuchimba. Alisali Salamu Maria moja, akaingia zizini.

Jua lilikuwa utosini. Samadi ni laini, na chini yake udongo ulilegea upesi, upesi kuliko alivyopenda. Alichimba huku akilia na hakuona haya. Alipofika kiunoni, jembe likagonga mfupa. Akainama, akafukua kwa mikono.

Mkono wa kulia ulikuwa umefumba.

Miaka zaidi ya ishirini ardhini, nyama hakuna, kamba za vidole zimeoza. Ile mifupa ilipaswa kutawanyika. Ilikuwa imeshika. Alivifungua vidole kimoja kimoja. Vinne vikakubali. Gumba likakataa. Akalivunja.

Bolti ilikuwa ya baridi. Aliifuta kwa shati akaigeuza juani: 4417. Akafukia ovyoovyo, akakimbia. Akiwa njiani aliwakuta ng'ombe wa Mageni. Walikuwa wameacha malisho na kusimama barabarani bila mchungaji, wote wamegeukia zizini.

Saa nane kamili bolti iliingia mahali pake bila kusukumwa. Bwana Kosta alipiga makofi kwa furaha. Akamlaza Paskalina mwenyewe nyuma ya lori, juu ya magunia ya pamba, kwa mikono ileile ambayo asubuhi haikutaka kubeba mgonjwa. Bunduki ikafungwa kwenye blanketi, akapewa Donatus aipakate isigongwe. Lori likaondoka.

Kwa saa nzima mambo yalikuwa mazuri. Paskalina alikuwa anapumua. Donatus alimpepea kwa kofia na kumhesabia vijiji.

Ndipo ikalia ndani ya blanketi. *Klak.*

Alifunua. Bolti ilikuwa imevutwa nyuma. Alijiambia ni matuta ya barabara. Akaifunga.

*Klak.*

Imefunguka tena. Akatazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa. Tupu. Akaifunga, akaikandamiza kwa kiganja. Alihisi mkono wa bolti ukipanda polepole dhidi ya kiganja chake. Ulikuwa na nguvu za mtu mzima. Akaanza kufungua skrubu ili aing'oe bolti yote. Skrubu aliyoipaka mafuta mwenyewe asubuhi. Haikutikisika.

"Baba," alinong'ona Paskalina, macho yamefumba. "Huyo mzee ni nani?"

"Mzee gani?"

"Aliyesimama miguuni pangu. Mwambie asinielekezee."

Miguuni pake hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu ya baruti.

Donatus alitazama kibini, alikokuwa Bwana Kosta akiendesha. Akiitupa bunduki, Bwana Kosta atageuza lori hapohapo, na Paskalina hatafika. Akibaki nayo, mzee yupo. Hakukuwa na njia ya tatu. Aliikumbatia bunduki, akaupachika mdomo wa mtutu kifuani mwake, upande wa moyo.

"Machibya," alisema. "Mimi ndiye niliyekuvunja kidole. Unamtaka mmoja. Chukua huyu."

Bolti ikajifunga. Taratibu.

Akafumba macho.

*Tik.*

Hakusikia maumivu. Alifumbua macho akaona shati lake ni zima, ngozi ni nzima. Harufu ya baruti ikapotea. Bunduki ikawa nyepesi mkononi, chuma tu kama vyuma vingine. Na Paskalina akamshika mkono akauweka tumboni.

"Mtoto amecheza," alisema. "Mzee ameondoka."

Donatus alicheka mpaka akapaliwa. Alilia, akamshukuru Mungu kwa Kisukuma na kwa Kiswahili na kwa Kilatini kidogo alichokijua cha kanisani. Mpaka Kolandoto aliushikilia mkono palepale, na kila mtoto alipopiga teke alisema asante.

Walifika jua linazama. Wakampokea upesi. Paskalina alijifungua alfajiri, akapona, na waliomhudumia walifanya kila kitu ambacho binadamu anaweza kufanya. Donatus aliyasema hayo mara zote mbili, asije mtu akawalaumu. Nesi aliyetoka kumwita aliitwa Euphrasia. Uso wake ulikuwa na habari mbili.

"Umepata binti, ni mzima," alisema. "Ndiye wa pili kutoka, kwa hiyo kwenu ni Doto. Wa kwanza alikuwa wa kiume. Alikuwa ameshafariki tumboni, si muda mrefu. Jana mchana, nadhani."

"Wa kwanza?" alisema Donatus. "Walikuwa wawili?"

Kulwa, yule wa kwanza, alikuwa amelazwa kwenye shuka safi. Hakuwa na jeraha popote, ila mkono wa kulia ulikuwa umefumba. Nesi Euphrasia alisema wamejaribu kuufungua wamwoshe, wakashindwa, wakaona wamwachie baba. Donatus alivifungua vile vidole kimoja kimoja. Vinne vikakubali. Gumba likakubali pia.

Kiganjani mlikuwa na kipande kidogo cha mti, mbao kavu, kahawia upande mmoja na nyeupe upande wa pili, kikubwa kama punje ya mahindi.

Lori lilikuwa bado nje, Bwana Kosta amelala kibini akisubiri muda wa treni. Donatus alipanda nyuma, akafunua blanketi, akakigeuza kitako cha bunduki. Akahesabu mikato. Akahesabu tena, kwa kidole. Ilikuwa minane. Wa nane ulikuwa mpya, mweupe ndani.

Alikuwa mtu wa kulinganisha vipande na vipande, hiyo ndiyo kazi aliyosomea vitani. Akakichukua kile kilichotoka mkononi mwa mwanawe, akakiweka juu ya mkato ule.

Kiliingia. Hapakubaki nafasi hata ya unywele.

Bunduki ilienda na yule rafiki wa Bwana Kosta kwa treni, hajui mtu ilikofika. Kipande cha mti anacho Doto, yule dobi wa hapa Kambarage anayewanyoshea mashati ya Jumapili. Amekiweka kwenye kikopo cha vidonge juu ya kabati. Watu wakisikia jina lake hawakosi kumuuliza Kulwa yuko wapi, naye huwa anatazama kikopo kile kwanza, kisha anaendelea kupiga pasi.