Mvinyo wa Mpunguzi Wafika Hayes

Jumapili ile, baada ya ibada, waliokuwapo nyumbani kwa Vaileth huko Hayes, magharibi mwa London, walikuwa hawa. Vaileth mwenyewe, ambaye kazi yake ni kutunza wazee. Naftali, mumewe, mpakiaji wa mizigo katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Daisy, binti yao, mwanafunzi wa sekondari. Eddie, binamu yake Naftali, aliyerudi juzi kutoka Dodoma. Mgeni mmoja alikuwa bado njiani. Huyo ni Bi Pramila, mwenye duka la kona.

Mezani palikuwa na ugali wa uwele na mlenda wa kukaushwa. Unga na mlenda vilitoka katika begi la Eddie. Humo humo, zikiwa zimeviringishwa kwa vitenge, zilitoka chupa za mvinyo mwekundu.

"Shemeji, nimezibeba kama mayai," Eddie alisema. "Nguo zangu nimeziacha Dodoma ili chupa zako zipate nafasi. Kesho sina hata shati la kazini."

"Utavaa kitenge," Naftali alimjibu. "Kitakupendeza."

Daisy alicheka mpaka akapaliwa. Vaileth hakucheka. Alikuwa amefungua chupa moja na kuinusa, na harufu ile ilikuwa imekwisha kumchukua na kumpeleka mbali.

Ilimpeleka Mpunguzi, kijijini kwao karibu na Dodoma, msimu wa kuvuna. Baba yao, marehemu mzee Chidosa, aliwaamsha kabla jua halijachomoza, kwa maana zabibu hukatwa zikiwa bado baridi. Vaileth na mdogo wake, Evans, waliingia kati ya mistari ya mizabibu, kila mmoja na kisu chake kidogo. Vidole vilinata kwa utamu. Nyuki waliwafuata hadi mlangoni. Mama aliwakataza kula zabibu kabla ya uji. Hata hivyo, alipowaona midomo imekuwa ya zambarau, aligeuka upande wa pili na kujifanya anatafuta mwiko.

Sasa shamba lile lilikuwa mikononi mwa Evans. Yeye hakuuza zabibu tu. Alitengeneza mvinyo katika jengo dogo nyuma ya nyumba. Mvinyo ulikuwa mzuri, lakini wanunuzi walikuwa wachache. Miezi michache iliyopita alimpigia dada yake simu.

"Dada, mapipa yamejaa," alisema. "Huu nilio nao usipopata soko, nang'oa mizabibu ya baba. Nitapanda alizeti."

Tangu siku hiyo Vaileth hakuwa na raha. Ndipo alipobuni mpango. Msafiri wa Kitanzania hana begi la peke yake. Nusu yake ni mizigo ya watu. Basi kila aliyetoka Dodoma aliombwa abebe chupa chache. Chupa hizo zilikuwa zimejaa chini ya ngazi, mahali pa kuwekea viatu. Lililobaki lilikuwa duka la kuziuza, na duka alilokuwa nalo moyoni lilikuwa la Bi Pramila.

Mlango uligongwa.

"Mbukwenyi!" sauti ya Bi Pramila ilisikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana.

Wote waliangua kicheko. Bi Pramila alizaliwa Dodoma, na baba yake aliuza vitambaa karibu na stesheni ya reli. Alihamia London akiwa msichana, lakini salamu ya Kigogo hakuiacha nyuma.

"Shikamoo, Bi Pramila."

"Marahaba, wanangu. Nani kapika mlenda? Harufu imenivuta tangu kituo cha basi."

Alikula kwanza, kwa mkono, kama mtu wa nyumbani. Kisha Vaileth alimmiminia mvinyo kidogo. Bi Pramila alionja, akaweka glasi chini taratibu.

"Mapadri wa misheni walikuwa wakija dukani kwetu," alisema. "Walinunua kitambaa cha kuchujia mvinyo. Mimi ndiye niliyekikata. Nilikata kitambaa kile miaka yote ya utoto wangu, na wala sikujua kilikuwa kinachuja kitu gani. Kumbe ni hiki! Hiki ni mchanga wa Dodoma baada ya mvua ya kwanza."

Vaileth aliona wakati wake umefika. "Basi utauweka dukani? Chupa zipo tele. Njoo uone."

Alifungua kijimlango cha chini ya ngazi. Bi Pramila aliinama, akatazama, akainuka polepole.

"Hapana, mwanangu. Siwezi kuuza hata moja."

Eddie alishika kichwa. "Nimeacha mashati yangu bure! Bi Pramila, dukani kwako umejaza mvinyo wa Ufaransa, wa Chile, wa kila mahali. Wetu tu ndio haramu?"

"Si haramu, Eddie. Umeingia kwa mlango usio wake." Bi Pramila alivuta kiti. "Kaeni niwaeleze. Msafiri anaporudi, serikali humruhusu kuingia na chupa kadhaa bila kulipa ushuru. Lakini chupa hizo ni za kunywa mwenyewe au za zawadi. Ukiziuza, zinakuwa za magendo. Maofisa wa forodha wanaweza kuzichukua zote. Na mimi nikikutwa nazo rafuni, halmashauri inaweza kuninyang'anya leseni ya kuuza pombe."

"Na kama siuzi?" Vaileth aliuliza. "Kama watu wananichangia nauli tu?"

"Hiyo nayo ni biashara. Nyumbani tungeiita shukrani. Hapa sheria inaiita malipo."

Daisy alisema kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi yake, kwamba yeye alikwisha kumwonya mama yake. Mama yake alimjibu kwa Kiswahili kwamba anayejua kuonya ajue pia kuosha vyombo.

"Sasa mlango wa haki ni upi?" Naftali aliuliza.

"Ni milango mitatu, iliyofuatana," Bi Pramila alisema. "Wa kwanza ni wa mwagizaji. Yeye huingiza mvinyo nchini kwa jina lake na kulipa ushuru. Wa pili ni wa muuzaji wa jumla. Huyo lazima awe ameidhinishwa na mamlaka ya kodi. Wa tatu ni wangu mimi wa rejareja, mwenye leseni ya halmashauri. Mimi siruhusiwi kununua pombe kwa mtu wa jumla asiye na idhini, hata akiwa ndugu yangu. Kabla ya kununua, nahakikisha kwanza."

Vaileth alihisi joto likimpanda usoni. "Kampuni kubwa zinapita milango hiyo kwa urahisi. Evans ana mapipa machache. Hii sheria inamtaka mtu mdogo abebe mzigo wa mtu mkubwa."

"Ni kweli," Bi Pramila alisema. "Sitakudanganya. Mdogo anaumia zaidi. Lakini sheria hiyo ina sababu. Ushuru hulipia mambo ya umma. Tena wako watu wanaouza pombe bandia kwenye chupa nzuri, na wanywaji wanalazwa hospitali. Mnywaji akidhurika, lazima pawe na njia ya kujua chupa ilipita kwa nani. Hizi zako zilipita kwa nani? Kwa begi la Eddie!"

"Begi langu ni safi," Eddie alinung'unika.

Naftali alikuwa akifikiri. "Kule kazini tunalo ghala la forodha. Pombe hukaa humo chini ya kufuli, na ushuru haulipwi mpaka siku inapotolewa. Basi mtu akitoa kidogo kidogo, halipi ushuru wote kwa mara moja."

"Umesema vema," Bi Pramila alisema. "Manish, anayeniuzia kwa jumla, anatumia ghala la namna hiyo. Ana idhini, na tena ni mwagizaji. Lakini hawezi kuagiza mapipa ya mtu mmoja. Gharama ya safari itameza faida yote. Evans aungane na wakulima wenzake. Mvinyo upimwe maabara. Na lebo iseme kiasi cha kilevi, jina la mwagizaji, na viungo vinavyoweza kumdhuru mwenye mzio."

Jioni ile ile walimpigia Evans simu. Aliposikia habari ya kuungana, alikasirika.

"Nichanganye mvinyo wangu na wa jirani? Na jina la baba kwenye chupa? Nililiandika ili asisahaulike."

Vaileth alilipenda jina lile kwenye lebo. Kila chupa iliyotoka kitengeni ilikuwa kama barua ya baba. Alikuwa na haki ya kulilinda, naye ndiye mkubwa wao.

"Evans," alisema kwa sauti ya chini, "ukiing'oa mizabibu, jina lile utalibandika wapi? Kwenye gunia la alizeti? Liondoe. Weka jina la kijiji. Baba alikuwa mtu wa kijiji."

Evans akakata simu bila kuaga.

Siku mbili baadaye alituma ujumbe mfupi. Alikuwa amewaita majirani, na wamekubali.

Kazi haikuwa nyepesi. Pipa moja lilikataliwa na maabara, mwenye pipa akasusa kwa muda. Lebo ya kwanza haikutaja mzio, ikarudishwa. Manish aliuliza maswali mengi, na Vaileth aliyajibu moja baada ya jingine wakati wa mapumziko yake kazini. Chupa za chini ya ngazi hazikuuzwa. Nyingine waligawa kama zawadi wakati wa Krismasi, na nyingine wakanywa wenyewe kwa mlenda.

Msimu uliofuata ulipokwisha kuvunwa, mvinyo wa Mpunguzi ulisimama kwenye rafu ya Bi Pramila, ushuru umelipwa, lebo imekamilika. Siku ya kuuzindua walikusanyika wote dukani. Mzee mmoja wa Iringa alinunua chupa, akaisoma lebo, akarudi kununua nyingine kabla hajafika mlangoni. Manish alisema ameagiza tena.

Vaileth alimpigia Evans simu ya video. Evans alikuwa amesimama shambani, wakulima wenzake wamemzunguka, wote wakizungumza kwa pamoja. Aliinua mkono.

"Jamani, nyamazeni, na ninyi wa London mnisikie," alisema. "Agizo la pili limefika. Mizabibu ya mzee Chidosa haing'olewi. Jumatatu kila mtu aje na mkasi wake, tunaanza kupogoa."