Mafuta ya Lulu Hayatibu Fenibelti

Kila asubuhi, kabla majogoo wa mtaa wa Lemon Gaba hawajamaliza kuwika, gari la Keji lilianza kulia. "Kwiii! Kwiii!" Majirani walishazoea. Mmoja alimtania, "Keji, ukihama hapa, sisi wote tutachelewa kazini."

Keji alicheka nao. Gari lake lilikuwa kuukuu, lakini lilimlisha. Alikwenda Rejaf kuchukua samaki na mboga, akawapelekea wachuuzi wa soko la Malakia. Injini ikishapata joto, kelele ilipungua, naye akaisahau.

Wiki hii hakuweza kuisahau. Mama yake, Kiden, alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli tu. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Nimule, mpakani, na Jumatatu ilikuwa siku yao ya mwisho ya kupasua. Barabara ya Nimule ni ndefu. Si mahali pa kuharibikiwa na gari ukiwa na mzazi asiyeona.

Jumamosi asubuhi kelele ilizidi.

"Lipake lulu," Kiden alisema.

Katika nyumba ile, mafuta ya lulu, yale yanayokamuliwa kutoka kokwa za mti wa shea, yalikuwa dawa ya kila kitu. Kisigino kimepasuka? Lulu. Mtoto anakohoa? Lulu kifuani. Mlango unalia? Lulu kwenye bawaba. Keji alifungua boneti, akaona mkanda wa mpira, akaupaka mafuta kwa vidole viwili. Kisha akawasha gari.

Kimya!

"Rabuna!" Keji alishangaa.

"Unaona?" Kiden alisema kwa maringo. "Na watu wanakwenda kusomea ufundi!"

Furaha ile haikufika mbali. Keji alipokuwa anatoka Rejaf na mzigo wa samaki, alisikia harufu ya mpira unaoungua. Taa nyekundu ya betri ikawaka. Usukani ukawa mzito. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Alisimama kando ya njia, akazima injini. Je, kama haya yangetokea Jumatatu, katikati ya safari, na Mama yuko ndani?

Alimpigia simu Namukasa. Huyu alikuwa jirani yake, mwanamke Mganda mwenye gereji ndogo. Namukasa alikuja na gari lake, akalivuta lile bovu hadi nyumbani kwa Keji. Kiden alisikia wanaingia, akaomba kiti chake kiwekwe karibu.

Namukasa hakukimbilia kushika kitu. Aliacha injini ipoe. Alitoa ufunguo, akautia mfukoni.

"Ufunguo ikikaa kwangu, hakuna mtu atawasha gari na vidole vyangu iko ndani," alisema. "Na wewe, funga hiyo kitambaa ya kichwa vizuri. Mkanda inavuta nguo, inavuta na mwenye nguo."

Aliinama, akanusa. Akaangua kicheko. "Nani alipaka hii fenibelti lulu?"

Keji alimtazama mama yake. Kiden aligeuza uso upande wa pili, kana kwamba ameona mgeni anakuja.

"Jaja," Namukasa alimwambia mzee kwa upole, akimwita bibi kwa Kiganda, "lulu ni dawa ya ngozi. Mkanda lazima ishike puli, hizi gurudumu zake, hivi." Akaukamata mkono wa Keji kwa nguvu. "Ukipaka mafuta, inateleza. Na mpira inaharibika."

Kisha alimwonyesha Keji njia ya mkanda, puli moja baada ya nyingine. "Hii inazungusha altaneta, ndiyo inachaji betri. Hii ni pampu ya maji, inapoza injini. Hii ni pampu ya usukani. Mkanda ikilegea, zote zinalegea. Ikikatika, zote zinalala."

"Zote? Kwa mkanda huu mmoja?"

"Huu mmoja tu."

Keji aliutazama kwa mshangao. Ulikuwa na upana wa vidole viwili hivi. Miaka yote hiyo ulikuwa unazungusha maisha yake, naye hakuwahi kuuangalia. Alijisikia mdogo mbele ya injini ile.

Namukasa alitoa mkanda na kuukunja. Nyufa zikafunguka, na pembeni nyuzi zilikuwa zinachomoza. "Hii imezeeka," alisema. Alisafisha puli kwa maji na sabuni, akazikausha, akafunga mkanda mpya, akaukaza. Keji akapewa ufunguo, akawasha gari. Ile "kwiii" haikuwapo tena.

"Khalas!" Keji alipiga makofi. "Jumatatu tunakwenda!"

Kiden aliinua mkono. "Ngoja. Bado kuna mwingine humo. Anakoroma."

Keji hakusikia kitu. Namukasa alitega sikio. Taratibu macho yake yakawa makubwa. "Jaja! Hata mimi ilinipita."

Alichukua chupa ya maji yenye kifuniko kilichotobolewa. Akasimama kando, mikono mbali na mkanda, akaurushia maji kidogo wakati injini inanguruma. "Kama mkanda ndiyo inalia, maji itabadilisha sauti. Itanyamaza kidogo, ama itazidi."

Walisikiliza wote watatu. Mkoromo haukubadilika.

"Basi siyo mkanda," Namukasa alisema. "Tutafute jirani yake."

Injini ikazimwa. Ufunguo ukarudi mfukoni. Akatoa mkanda tena. "Zungusha puli hizi kwa mkono wako, Keji. Moja moja."

Ya altaneta ilizunguka laini. Ya pampu ya maji pia. Kisha Keji alifika kwenye puli ndogo inayouelekeza mkanda. Ilikwaruza kama iliyojaa mchanga, tena ilicheza huku na huku.

"Beringi yake imekufa," Namukasa alisema. "Ingekwama njiani, ingekata hata mkanda mpya."

Alimwendea mama yake, akapiga magoti, akamshika mikono. Mzee asiyeona ndiye aliyewaokoa.

Puli mpya ilifungwa siku ile ile. Jumatatu alfajiri wakaondoka. Walipokuwa wameshauacha mji nyuma, Kiden aliuliza kwa wasiwasi, "Keji, mbona tumesimama?"

"Hatujasimama, Mama. Tunakwenda, kelele tu ndiyo imekwisha."

Kiden alitoa kiganja dirishani. Upepo ukakipiga. Akakiacha hapo, akitabasamu.

Walifika mapema. Jicho la kwanza likapasuliwa, na kesho yake bandeji ikatolewa. Lile la pili lilipangiwa siku madaktari watakaporudi tena.

Kabla ya safari ya kurudi, Keji alifungua boneti kama alivyofundishwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Alikagua mkanda: hauna nyufa, haujalegea, hauna mafuta. Aliposikia hatua, akageuka. Mama yake alikuwa anakuja peke yake, bila kushikwa mkono.

Kiden aliinama juu ya injini, akatazama kwa muda mrefu.

"Ndio huu? Mwembamba hivi?"

"Ndio huo, Mama."

"Kumbe ulikuwa unalia kutuonya, na mimi nikaupaka mafuta unyamaze." Akatikisa kichwa kwa mshangao. Kisha akamfuta bintiye vumbi shavuni. "Funga, twende. Nataka kuiona njia yote."