Mashine Isiyoagwa

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UKATAJI WA MAJANI MAHALI PASIPO NA MAJANI

Ndivyo barua ilivyoanza, na tumtendee haki aliyeiandika: hakukosea hata neno. Ua wa fundi jenereta ulikuwa wa saruji kutoka ukuta hadi ukuta, na hata magugu yalikwishakata tamaa nao. Hata hivyo majirani walikuwa wakisikia harufu ya majani mabichi yaliyotoka kukatwa. Mke wa fundi aliisikia ndani ya kabati la vyombo.

"Umeingiza majani ya nani humu?" alimuuliza mumewe.

"Majani? Kiangazi hiki hata mbuzi wanayaona ndotoni."

Kitu pekee nyumbani kilichowahi kugusa majani kilikuwa kimesimama uani chini ya turubai: mashine ya kukatia majani, ya kusukuma, ya zamani kweli kweli. Tangi lilikuwa limebabuka rangi, na kamba ya kuwashia ilikuwa na kishikio cha mbao kilicholainishwa na kiganja cha mtu mmoja. Kiganja hicho kilikuwa cha baba yake fundi, aliyekata majani ya makaburi ya mji tangu ujana hadi kustaafu. Kisha kiharusi kilimnyang'anya miguu na ulimi, kikamwachia macho na kiti cha dirishani. Manispaa ilipoitupa mashine kwenye vyuma chakavu, fundi aliifuata na mkokoteni. Aliwaza kwamba mzee akiisikia tena injini ile, huenda kitu kikaamka ndani yake.

Aliifungua yote. Akasafisha kabureta, akabadili plagi, na ndani ya bomba la moshi akakuta kitambaa kimeshindiliwa, kimepigwa mafundo juu ya mafundo.

"Wazee na uchafu wao," alisema, akakitupa motoni.

Injini ilikohoa kwanza, ikanguruma, kisha ikatulia katika ule mdundo mzito wa taratibu ambao mashine za siku hizi, zinazolia kama mbu aliyetukanwa, hazitaujua kamwe. Na mzee akacheka. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu augue, mabega yakitikisika, hadi mkwe wake akaingia jikoni kufuta machozi. Fundi akazima, akajifuta mikono, akaondoka zake. Hapo kicheko kikakatika, na macho ya mzee yakatoka pima.

"Babu anataka kusema kitu," alisema mjukuu wake wa kike, ambaye kwa sababu zilizoonekana tangu mbali aliitwa Manywele.

"Amefurahi tu, mwanangu," mama yake alimjibu.

Tangu siku hiyo mashine ikawa inawaka yenyewe. Bwana Kanuni, ofisa wa mazingira, alikuja na barua yake, akaisoma kwa sauti mbele ya waliokwisha kuisoma.

"Haina hata tone la mafuta, bwana," mke wa fundi alimnong'oneza. "Nimeinamisha tangi mwenyewe."

"Kanuni hazizungumzii mafuta, mama. Zinazungumzia kelele."

"Basi ichukue. Nakuomba, ondoka nayo sasa hivi."

"Kuchukua?" Bwana Kanuni alirudi nyuma hatua moja, kwa kuwa turubai lilikuwa limeanza kutetemeka. "Kuchukua ni idara nyingine."

Siku iliyofuata mkeka wa sebuleni ulikutwa na mstari ulionyooka, upana wa mashine, nyuzi zake zimenyolewa.

"Baba Manywele, hiki kitu kitoke."

"Baba anacheka kila kikiwaka. Nikikitoa, namtoa na yeye."

"Hacheki. Mtazame vizuri. Analia kwa mdomo wa kucheka."

Fundi hakutaka kutazama. Akatazama mchana wa Jumapili, watu wakiwa wamejilaza kwa joto, pale aliposikia injini ikikohoa, si uani bali nyuma ya mlango wa chumba cha mtoto, ikanguruma kwa muda mfupi kama inayopita mahali padogo, na harufu ya majani ikajaa nyumba nzima hadi ikawa kama kupumua ndani ya gunia lililolowa, na alipousukuma mlango kwa bega akamkuta binti yake amelala fofofo, hana hata mkwaruzo, nywele za upande mmoja zimekatwa sawasawa, kimo kile kile cha majani ya makaburini.

Alikimbia kwa mchimba makaburi mstaafu, aliyefanya kazi na mzee miaka yote.

"Kitambaa kiko wapi?" mchimba makaburi aliuliza kabla hajamkaribisha kiti.

"Nimekichoma."

"Lo! Ndani ya injini ile mna jini, kijana wangu, na jini lile halijui kupumzika. Kila jioni baba yako aliliaga. 'Kazi imekwisha, bwana mkubwa.' Ndipo analiziba. Tulikuwa tunamcheka. Sasa umeliamsha, hukuliaga. Linatafuta cha kukata."

"Nikaliage mimi."

"Jaribu. Ila linajua sauti ya mtu wake."

Fundi alipiga magoti uani, jua likizama, akasema maneno yale. Mashine ikakohoa. Akayarudia kwa kuomba, kisha kwa kulia. Ikakohoa tena, kwa namna ya mtu anayezuia kicheko, na gurudumu likageuka taratibu kuelekea mlangoni.

Dirishani, mzee alikuwa amesikia yote. Manywele alikuwa amemwegemea, na mkono wa mzee, ule ambao haukuwa umeinuka tangu augue, ulikuwa juu ya ule upande ulionyolewa.

Fundi, mkewe na Manywele walilala chumba kimoja, kabati limesukumwa mlangoni. Kulipopambazuka kiti cha dirishani kilikuwa kitupu, lango wazi, na chini ya turubai hapakuwa na kitu. Harufu nayo ilikuwa imeondoka.

Bwana Kanuni alifunga jalada kwa furaha: kero imekoma, mashine imeondolewa kwa hiari ya mmiliki, na mmiliki, kwa taarifa zilizopo, amehama bila kuacha anwani.

Mzee hakuhama. Mchimba makaburi alimwona alfajiri: alitembea kwa miguu yake, ameshika mpini, midomo yake ikisema na injini. Alikata majani ya makaburi yote hadi ukuta wa mwisho. Pale ukutani viatu vyake vilikutwa vimepangwa vizuri, na yeye na mashine hawakuonekana tena.