Mkoba wa Mama Mkwe

Siku mama mkwe alipokuja kuwatembelea, fundi cherehani, mama wa watoto wawili, aliamka na kazi tele. Alisukuma cherehani pembeni, akaokota pini na nyuzi sakafuni, akatandika kitambaa kipya mezani. Hakutaka mama mkwe arudi kwake akisema mwanawe anaishi ghalani.

Shida ilikuwa watoto. Mkubwa alikuwa na miaka mitano, na kwa jinsi alivyopenda kukosoa watu, walimwita Bibi Mdogo. Mdogo wake ndiyo kwanza alikuwa amejua kukimbia. Huyo aliitwa Chapuchapu, na jina lilimkaa sawasawa. Chochote alichokifikia kiliishia mdomoni.

Mama mkwe alifika, akakaribishwa. Fundi aliupokea mkoba wake kwa mikono miwili, akaupeleka chumbani na kuulaza kitandani kwa heshima zote.

Mazungumzo hayajanoga, Chapuchapu akavuta kitambaa cha meza. Chai ikammwagikia mgeni gauni zima.

"Haya ndiyo malezi ya siku hizi," alisema mama mkwe huku akijifuta.

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliwabeba watoto wote wawili mpaka chumbani.

"Kaeni humu. Sitaki kusikia sauti."

Akafunga mlango, akarudi sebuleni na tabasamu la kubandika. Kweli hakusikia sauti. Mama yeyote mwenye mtoto mdogo anajua kwamba kimya kama kile si cha kufurahia. Yeye alikifurahia.

Alipokwenda kuwachungulia, alikuta mkoba uko wazi. Chapuchapu alikuwa amekaa kitandani, mate ya rangi ya waridi yakimtiririka kidevuni.

"Amekula peremende za bibi," alisema Bibi Mdogo. "Nilimwambia si zake. Hasikii."

Pembeni palikuwa na kikaratasi kilichokunjuliwa. Ndani yake kilibaki kidonge kimoja tu.

Hapa fundi alifanya jambo ambalo mpaka leo anaona haya kulisema. Hakumwita mama mkwe. Alimfuta mtoto mdomo, akakunja kikaratasi, akakirudisha mkobani na kufunga zipu. Kisha akatoka na watoto kwa mlango wa nyuma, mpaka kwa jirani yake, nesi.

"Nimpe maziwa?" alinong'ona. "Au nimtapishe?"

"Usimpe kitu, wala usimtapishe. Matapishi yanaweza kumpalia. Amekula dawa gani?"

"Sijui. Zilikuwa kwenye karatasi tu. Ni za mama mkwe."

"Yeye anasemaje?"

Fundi akatazama chini. "Sijamwambia."

Nesi alikuwa anavaa viatu tayari. "Basi kamwambie sasa hivi. Dawa ya mtu mzima, hata kidonge kimoja, inaweza kumuua mtoto. Daktari lazima ajue ni dawa gani, na anayejua ni yeye."

"Nitamtazama vipi? Niliwafungia watoto ili yeye asisumbuliwe."

"Mtazame hivyo hivyo na aibu yako. Mimi natafuta gari. Mtoto anaonekana mzima, lakini hatungoji abadilike."

Fundi aliwaacha watoto kwa nesi, akarudi sebuleni.

"Mama, Chapuchapu amekula dawa zako. Niliwafungia chumbani penye mkoba. Nilipoona, nikaficha."

Alingoja kusemwa. Mama mkwe aliinuka ghafla, kikombe kikaanguka.

"Ni za presha," alisema. "Nilizitoa kwenye pakiti ili mkoba usijae. Mimi na akili zangu. Mtoto yuko wapi?"

Ndani ya gari Chapuchapu alianza kulegea. Alilaza kichwa begani kwa mama yake, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mchana. Mama mkwe alimshika mguu njia nzima.

Daktari alipotajiwa jina la dawa, alianza kazi pale pale. Alisema wangechelewa kidogo, mambo yangekuwa mengine. Walimlaza mtoto, wakampima kila mara mpaka hatari ikapita. Alipopata nguvu, cha kwanza alichofanya ni kuvuta waya wa mashine. Fundi alilia, furaha na aibu kwa pamoja.

Waliporudi nyumbani, nesi alizungumza na fundi na mama mkwe pamoja.

"Mkoba wa mgeni una dawa, una wembe, una sarafu. Mgeni akifika, mwombe uuweke juu, mtoto asikofika. Dawa zikae kwenye pakiti yake, yenye jina. Na mtoto mdogo usimfungie chumbani. Akae unapomwona, hata akisumbua. Mgeni atavumilia."

Mume wa fundi alipigilia rafu ukutani, juu kabisa. Kitambaa cha meza kikakunjwa na kuwekwa.

Mwaka haujaisha, mama mkwe akaja tena, safari hii na dada yake, mwanamke wa maneno makali. Chapuchapu alikuwa anazunguka miguuni mwao. Fundi akamnyooshea yule dada mkono pale pale mlangoni.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba mkoba wako niuweke juu. Kama una dawa, mtoto asizifikie."

"Marahaba. Unataka kunipekua?" aliuliza yule dada.

Uso ulimwaka fundi, lakini hakurudisha mkono. Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alikuwa anatazama sakafu. Kumbe naye kwa aibu hakuwa amemsimulia mtu.

Kisha mama mkwe akauvua mkoba wake begani, akamkabidhi mkwewe.

"Mpe, dada," alisema. "Dawa zangu nusura zimuue huyu mtoto."