Niliifungulia AI Siri za Maharusi wa Shangazi

Nina miaka ishirini na mitatu, mzaliwa wa Shella, Malindi. Masomo yaliishia kidato cha nne, lakini kuota ndoto sijaacha! Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa laptopu kuukuu. Majina na mahali pengine nimebadilisha. Someni, ndugu zangu, mnihurumie mkiweza...

Aliyenilea ni shangazi yangu, Bi Mwanaisha. Yeye ni somo: huwafunda maharusi, huwasinga, huwapaka hina, huwafukiza udi. Macho yake yalipofifia akawa ananisimulia mafunzo yake na habari za kila bibi harusi, nami naandika kwenye kompyuta, kila moja daftari lake. Huyu ngozi yake haipatani na liwa ya kusingia, yule ana maradhi haya. Yote nikayaweka kwenye seva ya mbali, kompyuta iliyoko nchi nisiyoijua, yasipotee laptopu ikifa.

Mwaka huu nikataka kumtengenezea tovuti, maharusi wajue cha kuandaa. Nilikuwa na AI inayoniandikia programu. Nikaiunganisha na ile seva, isome maarifa ya Shangazi mwenyewe, isije ikabuni yake. Seva ikauliza: ifungue daftari la mafunzo tu, au yote? Nilianza na mafunzo, majibu yakaja makavu. Nikabonyeza "yote". Mbona nisibonyeze? Si vya nyumbani kwetu?

Ukurasa ulipendeza hadi nikacheza peke yangu jikoni! Nikausoma juu juu, nikautuma kwenye kundi la simu la kina mama.

Chini kabisa, ambapo sikufika, AI iliandika ushauri mwema: bibi harusi mwenye kifafa asikalishwe sana kwenye moshi wa udi. Ikatoa na mfano: bibi harusi wa Mambrui atakayeolewa mwezi wa Mfungo Sita. Jina haikutaja. Lakini harusi iliyopangwa Mambrui mwezi ule ilikuwa moja tu... ya Zuhura!

Kina mama walipoanza kulitaja jina lake kundini, nilifuta mbio, lakini watu walishapiga picha. Kwao bwana harusi wakavunja uchumba.

Mamake Zuhura alikuja hajavua hata buibui. "Bi Mwanaisha, nilikupa mwanangu umsitiri, si umwanike!"

"Nisamehe, dada," Shangazi akasema. "Sikumbuki kumwambia huyu mtoto aliweke neno lile kwenye tovuti. Lakini kama liko pale, basi nimelisema mimi."

Na mimi? Nilisimama mlangoni na sinia ya chai... nikanyamaza!

Tangu hapo nyumba ikawa kifungo. Wanawake walisema somo hana kifua. Maharusi wakaacha kuja. Lakini kilichoniua ni Shangazi kuanza kuiogopa akili yake. Asubuhi ananiuliza leo siku gani. Anafunga fundo kwenye leso asisahau alilosema. "Naanza kupotewa, mwanangu. Akija mtu, usiniache niseme naye peke yangu." Neno langu moja lingemfungua. Kila nikitaka kulisema, naishia kumuuliza kama atakunywa chai!

Siku aliponiambia nimpeleke Kilifi akapimwe kichwa, nilipiga magoti nikamwambia yote.

Akaishika leso yake yenye mafundo. "Kwa hiyo akili yangu nzima?"

"Nzima, Shangazi."

Akacheka, akalia. Kisha akanisukuma begani. "Wiki ngapi umeniacha nijidhanie mwendawazimu, we mtoto?"

Nikasema nakwenda Mambrui kukiri. Akanishika mkono. "Ukaseme nini? Wewe hujaolewa bado. Watakuchafua maisha. Mimi nimeshazeeka, waniseme mimi. Ukifungua mdomo mjini, radhi yangu huna!"

Basi ndivyo nilivyofungwa mara ya pili, na safari hii kwa mapenzi. Tukipita, watu humgeuzia uso, naye huniminya vidole nisiseme.

Vijana wenzangu mnaopenda hizi AI, nawasihi! Ifungulieni daftari la kazi yake tu. Someni hadi mstari wa mwisho kabla hamjatuma. Na mkikosea, semeni siku ile ile, kabla anayewapenda hajaibeba lawama yenu.

Na wewe niliyekuita Zuhura, utajijua. Sijui kama kuandika ni kufungua mdomo. Kama ni hivyo, Shangazi atanisamehe au hatanisamehe... Yeye hakukuanika. Ni mimi!