Mama wa Saa Sita

"Asante, mama, kwa kuniacha nilale mchana," Kija alisema huku akimenya ndizi. "Kifua kimepungua kidogo."

Gaudiosa alikuwa ndiyo kwanza amevua viatu baada ya kutwa nzima ya kuuza vitenge sokoni Bukoba. Alidhani amesikia vibaya. Hakuwa amemruhusu mtu kulala. Tangu asubuhi hakukanyaga nyumbani kwake Buhembe, na geti alikuwa amelifunga mwenyewe kwa kufuli, kwa nje, kama alivyofanya kila siku, ufunguo akautia kwenye mkoba.

"Nani kakuambia ulale?"

Kija alicheka kwa haya. "Si wewe, mama? Ulipokuja saa sita."

Gaudiosa akaona ni homa tu. Binti alikuwa anakohoa tangu mvua zianze, naye kila wiki alipanga kumpeleka hospitali, na kila wiki likazuka jambo. Alikuwa amemtoa kisiwani, Muleba, kwa Wasukuma waliohamia huko kuvua, aje kuwa msichana wake wa kazi. Mama yake, Bernadina, alimkabidhi mwaloni, boti zinapoegeshwa, mbele ya watu, na Gaudiosa akaahidi kwa kinywa chake: binti atakuwa na chumba, Jumapili atapumzika, akiugua atatibiwa, Pasaka atakuja kusalimia. Sasa Kija alikuwa analala stoo, katikati ya magunia ya kahawa. Jumapili alifua. Pasaka ilikuja ikapita. Simu yake ilikaa kabatini mwa Gaudiosa, "isije ikakuharibu."

Sababu Gaudiosa hakuwahi kuitamka, hata kwa mumewe Kahangwa, ambaye kazi zilimweka Biharamulo mwezi hata mwezi. Mwanawe wa pekee, Kemilembe, aliyempata akiwa ameshakata tamaa, alimpenda Kija. Akijikwaa alimkimbilia Kija. Akikataa uji, kwa mkono wa Kija aliunywa. Kila Gaudiosa alipomkuta mtoto amelala mgongoni kwa yule binti, shavu limebonyea, kitu kilimchoma kifuani kama kibanzi kilichovunjikia ndani.

Lakini wiki ile Kemi aliacha kumkimbilia hata Kija. Jioni alikaa mlangoni akitazama geti. Gaudiosa alipoingia, mtoto alichungulia nyuma yake, kana kwamba kuna mtu mwingine anayefuata.

"Mama yuko wapi?" Kemi aliuliza.

"Mama si ndiye mimi?"

Mtoto akamnusa kiganja, akakisukuma. "Yule mwingine."

Gaudiosa alimfuata Kija jikoni, akashusha sauti. "Huyo anayekuja saa sita. Niambie."

Sufuria lilimponyoka Kija. Alieleza kwa kunong'ona: anagonga mlango wa sebuleni, anaita kwa sauti yako, namfungulia, nasema karibu mama. Amevaa kitenge chako cha siku hiyo. Ananiambia nijilaze, ananifunika blanketi, anampakata Kemi. Miguu yake huwa imelowa hata kama kuna jua.

Swali la kwanza kumtoka Gaudiosa halikuwa ni nani huyo. "Huwa anamwimbia?"

"Anamwimbia, mama. Kwa Kihaya." Kija alimeza mate. "Leo kasema kesho atampeleka Kemi kuoga ziwani. Nikamwambia mtoto ana mafua. Akanitazama tu. Mama, hakupepesa."

Kesho yake Gaudiosa alimwagiza Kija afungue mlango kama siku zote, akaondoka kama kawaida, lakini kabla ya saa sita alikuwa amerudi, amejibanza kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kufuli alilikuta kama alivyoliacha, akaingia na kulirudishia geti nyuma yake. Hakusikia geti likifunguka. Alichosikia ni nyayo zilizolowa zikipita barazani, chwa, chwa, mlango ukigongwa na kufunguliwa, kisha harufu ikamfikia, harufu ya tope la ziwani na mafunjo yaliyooza, ikapita puani na kukaa ulimini kama kitu alichokila, naye akangoja kidogo, akanyata hadi dirishani akatazama ndani, akauona mgongo wake mwenyewe umekaa kwenye kochi lake, kitenge kile kile alichokivaa, msuko ule ule, na Kija amelala kwenye kochi la pili amefunikwa vizuri, na Kemi yuko kifuani kwa yule aliyekaa, anachezea sikio lake taratibu, jambo ambalo kwa mama yake mzazi hakuwahi kulifanya hata siku moja.

Gaudiosa alisahau kuogopa. "Mwanangu!" alipiga kelele.

Kemi aliinua kichwa, akamwona dirishani, akapiga yowe la hofu, akaficha uso wake kifuani kwa yule mwingine.

Alipofika ndani kochi lilikuwa tupu, linachuruzika maji, na Kemi amesimama katikati ya sebule akilia kwa kuachwa.

Jioni ile ile aliwachukua wote wawili hadi Buganguzi, kwa bibi mmoja mjane aitwaye Kokugonza, mwenye rozari shingoni na mitishamba darini. Kija alimwacha uani, akaingia na mtoto. Bibi alimwonja mtoto chumvi ya jasho utosini, akatema.

"Hili ni jini la ziwani. Halizai, na linamwonea kijicho kila aliyezaa. Nani hulifungulia mlango?"

"Msichana wangu, bibi."

"Hana jina?"

"Kija."

"Basi Kija ndiye wa kulikataa. Nitakupa majani ya kufukiza, lakini majani hayana mdomo. Na usimlazimishe. Akilikataa kwa kukuogopa wewe, litajua, na litaingia."

Waliporudi, Gaudiosa alimweleza Kija yote. Binti alimfunika Kemi shuka kwanza.

"Lile linanifunika, mama," alisema. "Wewe hata kikohozi changu hukukisikia."

Gaudiosa akapiga magoti sakafuni, kama mwanamke wa Kihaya anavyowapigia wakubwa zake, akamwita kwa neno la heshima la kwao. "Waitu, Kija. Nilimdanganya mama yako. Nilikuonea wivu kwa sababu mtoto alikupenda, nikakulipiza kila siku. Simu yako hii hapa. Geti liko wazi, ukitaka kwenda nenda sasa hivi, nauli nakupa. Lakini nakuomba."

Kija aliishika simu, akaigeuza geuza. "Nitakaa mpaka saa sita ya kesho ipite," alisema. "Kwa ajili ya Kemi."

Saa sita ilipofika, moshi wa majani ulikuwa umejaa sebuleni. Nyayo zilikuja. Mlango ukagongwa kwa upole.

"Kija, mwanangu, nifungulie. Jua kali."

Gaudiosa alijiziba mdomo, kwa maana sauti ilikuwa yake kabisa, ila imejaa huruma ambayo yeye hakuwahi kuitumia. Kemi alifurukuta mikononi mwake akinyoosha mikono mlangoni.

"Mama yuko ndani," Kija alijibu.

"Huyo? Huyo amekupa nini? Nimempenda mtoto kuliko yeye. Nimekupenda na wewe."

Maji yalianza kupenya chini ya mlango, meusi, yakitambaa kuwafuata miguuni, na sauti ikalia, ikabembeleza, ikatukana, ikalia tena, mlango ukavimba kama kuna ziwa zima limeuegemea, na Kija, machozi yakimtoka, akasema kwa sauti kubwa, "Sikukaribishi. Leo sikukaribishi, wala kesho."

Pakawa kimya. Maji yakarudi yalikotoka. Kemi alilia hadi akachoka, akalala begani kwa mama yake.

Gaudiosa alitimiza ahadi zake. Alimpeleka Kija hospitali, akamnunulia kitanda, na kifua kilipopona alifunga duka, akampeleka mwenyewe kisiwani kusalimia, Kemi mgongoni.

Bernadina alikuwa anaanua dagaa mchangani. Kija alimkimbilia akiita, "Mayu!" na mama mtu akamkumbatia akilia. Kisha akamgeukia Gaudiosa kwa mshangao.

"Mama Kemi, umerudi tena? Umesahau nini?"

"Nirudi vipi? Ndiyo kwanza nashuka kwenye boti."

Bernadina akacheka. "Si jana tu ulikunywa uji hapa hapa? Ukaniomba radhi kwa yaliyompata Kija, ukalia, nikakusamehe. Ndiyo maana nikakukubalia."

"Ulinikubalia nini?"

Kicheko kikamkauka Bernadina. Alitazama boti, akatazama nyuma yao, akimtafuta mtu. "Umchukue Minza, mdogo wake Kija. Akusaidie kulea. Mliondoka mmeshikana mikono, mkapita kule kwenye mafunjo. Nikasema labda boti yenu mmeifunga huko."

Kija alikuwa ameshatupa mzigo wake, anakimbia kuelekea kwenye mafunjo, akiita, "Minza! Minza!"

Na kutoka katikati ya mafunjo, huku Gaudiosa amesimama mchangani amefumba mdomo, sauti yake mwenyewe, laini na yenye subira, ikaitika.