Aliyeandika Asimame

Njugu za Nakhumicha zilikuwa na sifa Shauri Moyo nzima, kwa hiyo mnunuzi wa kwanza alipotema chini na kusema zina ladha ya damu, yeye alimwangalia tu kwa dharau. Kuna watu, jamani, hata ukiwapa asali watalalamika kuwa imewanata vidoleni.

"Pengine ni meno yako," alimwambia.

Mnunuzi alikuwa Oketch, fundi wa masanduku ya bati kando ya njia ya kwenda Gikomba. "Mathe, meno yangu ni mazima. Hebu nusa hii karatasi."

Nakhumicha akanusa. Karatasi ilinuka jasho la mwanamume na damu mbichi, harufu ya kichinjioni. Lakini biashara ni biashara. Akamfungia njugu nyingine kwa karatasi nyingine na kumwambia aache maneno.

Karatasi zenyewe alizitoa kwenye sanduku la baba mkwe wake, mzee Patrobas, waliyetoka kumzika Webuye majuzi. Enzi za chama kimoja, Patrobas alikuwa katibu wa tawi hapo mtaani, na usidhani ukatibu ule ulikuwa mchezo. Bila kadi ya chama hukuuza hata sukuma wiki, na kadi ilitoka mkononi mwake. Watu walimwandikia barua. Walimwomba kazi, walimwomba kibanda, na wengi zaidi walimchongea jirani. Sanduku lilikuwa limefura barua, na Nakhumicha aliziona ni karatasi nzuri, ngumu, za bure. Nani angesoma siasa zilizokwisha kuoza? Akazikunja pembepembe akafungia njugu.

Oketch alikuwa hajapiga hatua tatu alipopiga ukelele. Mkono ulioshika njugu ulipinda kwenye kiwiko, ukaenda upande ambao mkono wa binadamu hauendi, ukalia ta! kama ukuni mkavu. Hakuna aliyekuwa karibu naye. Kisha kitu kisichoonekana kikamtandika mdomoni, meno mawili yakaruka hadi kwenye sinia la Nakhumicha, yakatua juu ya njugu.

"Mayi wee!" Nakhumicha akalia.

Watu walimbeba Oketch mbio. Karatasi ilibaki chini, imefunguka. Nakhumicha akasoma: *Ndugu Katibu, yule Odero fundi cherehani anakitukana chama. Avunjwe mkono anaoshonea, na mdomo pia.* Chini yake palikuwa na jina la marehemu baba yake Oketch.

Alimwaga njugu zote mtaroni, akazikusanya barua, akakimbia nyumbani.

Mume wake, Wandera, alikuwa ametoka zamu ya usiku kiwandani, na siku zote saa hizo angekuwa amelala. Alimkuta amebandikwa ukutani, miguu ikining'inia, macho yamemtoka. Chumbani mlikuwa na mlio wa mnyororo wa baiskeli ukizungushwa hewani, shwaa, shwaa, na kila ulipotua shati la Wandera lilichanika na mgongo ukachanika nao, damu ikatapakaa kwenye pazia, na sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake, ilikuwa sauti nzito ya mtu aliyevunjwa taya.

"Patrobas amekwenda bila kuulizwa," ilisema. "Basi mtoto wake atalipa."

"Wewe ni nani?" Nakhumicha alinong'ona.

"Odero. Niliburutwa kutoka kwangu hadi hapa kwa Patrobas, nikauawa hapo uliposimama."

Nakhumicha hakungoja kusikia zaidi. Alimkimbilia Mama Benta Akech.

Huyu Mama Benta alikuwa mganga wa kanisa la Roho, mwanamke wa kanzu nyeupe na msalaba mwekundu, ambaye pepo wa Shauri Moyo hadi Mathare walimjua kwa kengele yake. Tena alikuwa mjane wa huyo huyo Odero, aliyepigwa hadi kufa na vijana wa chama mwaka wa uchaguzi wa mlolongo, watu walipopiga kura kwa kupanga foleni. Mtaa mzima ulimhurumia na kumheshimu. Kama kulikuwa na mtu ambaye mzimu ule ungemsikiliza, Nakhumicha aliwaza, ni mkewe.

Mama Benta alisikiliza, uso ukambadilika.

"Huko kwenu," aliuliza, "siku ya kunyoa, mliwasimamisha wanaomdai marehemu?"

Nakhumicha akainamisha kichwa. Kwao, maziko yakishapita, jamaa hunyolewa, na kila mwenye dai juu ya marehemu husimama mbele ya watu akalisema, likaisha. "Mume wangu, Baba Mourine, alikataa. Alisema mzee alikuwa mtu wa siasa, mdomo huo ukifunguliwa hautafungika."

"Sasa mdomo huo umefunguka wenyewe. Waite majirani. Kikao kifanyike leo hii, humo humo ndani mwenu, kila barua iliyomchongea Odero isomwe. Aliyeandika asimame akubali. Kama amekufa, asimame mtoto wake."

Majirani walikuja shingo upande, wakajibana ukutani, mchana kweupe, huku Wandera, aliyekwisha kuangushwa kutoka ukutani, akitweta sakafuni katika dimbwi la damu yake. Mama Benta alitikisa kengele, akanyunyiza maji ya chumvi, akaanza kusoma barua moja baada ya nyingine.

"Lydiah. Hii ni ya mama yako."

Lydiah, mshonaji wa vitambaa, akainuka. "Ni ya mama. Ninakubali."

Mnyororo ukapunguza mlio. Kumbe inawezekana! Nakhumicha alianza kupumua.

Lakini Frankline, mzee mwenye duka la mkaa, alipoitwa alikunja midomo. "Mimi sijui barua yoyote. Huo mwandiko si wangu."

Ubavu wa Wandera ukavunjika, wote wakausikia. Akatapika damu.

"Ni yangu!" Frankline akapiga kelele. "Nilitaka kibanda chake! Nimekubali, jamani, nimekubali!"

Baada ya hapo hakuna aliyejivuta. Walisimama upesi, wengine wakilia, na kwa kila neno la kukubali, rangi ilirudi kidogo usoni mwa Wandera. Nakhumicha alikuwa amempakata kichwa, akimwambia vumilia, baba, vumilia kidogo.

Mama Benta alichukua barua ya mwisho. Aliitazama. Kisha akaikunja, akaisukuma ndani ya mkono wa kanzu.

"Hii imeliwa na mende. Zimekwisha. Tuombe."

"Bado moja," sauti ikasema kinywani mwa Wandera.

Na shingo ya Wandera ikaanza kuzunguka, polepole, kidevu kikielekea begani, mishipa ikisimama, na Nakhumicha akaikamata kwa mikono miwili akiirudisha huku inamshinda nguvu, akiwaita Yesu na mama yake mzazi kwa pamoja, akiona ngozi ya koo inavyovutika na jicho moja la mume wake likimtazama likiomba, hata akamwacha, akamrukia yule mganga na kuichomoa ile barua.

*Ndugu Katibu, mume wangu Odero Ijumaa atakuwa amelewa. Mlango nitauacha wazi. Wako katika chama, Benta.*

Nakhumicha akaisukuma mbele ya macho ya Mama Benta.

"Alikuwa akinipiga," Mama Benta alisema kwa sauti ya chini. "Mimba mbili zilitoka kwa mateke yake. Ningemwambia nani? Polisi? Mtaa huu ulijua njia moja tu ya kusikilizwa, kumwandikia Patrobas. Waliniambia watamtia adabu tu."

"Basi simama useme, Mama. Mume wangu anakufa!"

"Nikisema, atarudi kwangu. Mwanangu, wewe humjui."

Nakhumicha alimtazama, na kweli alimhurumia, roho ilimuuma. Kisha akasikia shingo ya Wandera ikilia.

"Ni Benta!" alipaza sauti, akimnyoshea kidole. "Odero, aliyeandika ni mkeo Benta, huyu hapa!"

Shingo ya Wandera ikaachiwa, akavuta pumzi ndefu. Kilemba cheupe kikang'oka kichwani mwa Mama Benta, nywele zikavutwa nyuma, na yule mama akaburutwa sakafuni hadi mlangoni, kanzu ikichanika, visigino vikichora mistari kwenye damu. Alidaka mwimo wa mlango akaung'ang'ania.

"Nakhumicha! Nishike mkono, mwanangu! Nishike!"

Majirani waligeuza nyuso ukutani. Nakhumicha akaenda mlangoni. Akavibandua vile vidole kimoja kimoja, akavisukuma nje, akatia komeo.

Kilio kilizunguka nyumba, kikashuka kuelekea mtoni, na mnyororo ukikifuata.

"Mama Mourine," Wandera alinong'ona, "nani analia huko nje?"

"Hakuna mtu," alisema, akampelekea kikombe mdomoni. "Kunywa maji."